Mizunguko Thelathini na Miwili

Mume wangu hakai. Nalisema mapema ili baadaye nisije nikaonekana mimi ndiye mkorofi. Anakula amesimama mlangoni, sahani kiganjani, jicho moja nje. Anapiga mswaki huku akizunguka nyumba, na ukimfuata utakuta amekagua bomba, amekaza kamba ya nguo na amesalimiana na majirani wawili, povu bado mdomoni. Mtaani wanamwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, naye huitika bila kinyongo. Nina miaka ishirini na saba naye, na kiti chake cha sebuleni bado ni kipya.

Kwa kazi ni fundi wa amplifaya na redio za zamani, zile za valvu, zenye chupa za kioo zinazotoa mwanga mwekundu zikipata moto. Watu hudhani vyombo hivyo vilizikwa na babu zao. Havikuzikwa. Vinatoka darini, chini ya vitanda, kwenye kumbi zilizofungwa, vinaletwa kwetu vimefungwa shuka kama wagonjwa. Yeye anaviunga upya nyaya, na mimi nasuka transfoma. Karakana ni chumba cha mbele. Meza yake iko dirishani, maana asipoona watu wakipita atapata homa, na mashine yangu ya kusukia iko kwenye kona ya ndani, mbali na mdomo wake.

Kusuka nilifundishwa na mjomba wangu, aliyekuwa anasuka mota za pampu na feni. Kiguu alikuja dukani kwa mjomba akiwa kijana mwembamba mwenye haraka, transfoma iliyoungua kwapani, akaambiwa asubiri siku tatu. Alisubiri kwa kwenda na kurudi mbele ya mlango, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mjomba akaniambia, "Maliza kazi ya huyu upesi, atanichimbia kisima hapa." Nikamaliza. Wiki iliyofuata akaja na nyingine ambayo haikuwa imeungua hata kidogo, ila yeye alidai imeungua, na mjomba akacheka hadi akatoka nje.

Sasa lazima nieleze kitu kuhusu hizo valvu, na nitaeleza mara moja tu. Ndani ya kila valvu kuna kiwaya tunakiita hita. Hita haiimbi wala haichezi muziki. Kazi yake ni kupata moto, kama jiko chini ya sufuria, na bila moto huo valvu ni chupa tupu. Inataka umeme mdogo, volti sita na kidogo, nao unatoka kwenye transfoma kwa nyaya mbili. Balaa ni kwamba umeme wa ukutani unakwenda na kurudi, mara hamsini kila sekunde, na usipokuwa mwangalifu kule kwenda na kurudi kunapenya kwenye sauti. Hapo spika inavuma mmm hata kama hakuna anayeimba. Dawa yake inajulikana. Nyaya mbili za hita zisokotwe pamoja kama kamba, zibanwe kwenye kona ya bati la chini la amplifaya, mbali na nyaya za sauti. Halafu waya wa tatu utoke katikati ya msuko, uunganishwe na bati, ili upande huu na upande ule uvute sawa na kufutana. Katikati maana yake ni katikati. Ukizidisha mzunguko mmoja upande mmoja, umeharibu.

Hiyo katikati ni kazi yangu. Kwa transfoma tunazotumia, msuko wa hita ni mizunguko thelathini na miwili ya waya mnene: kumi na sita, unatoa waya wa katikati, kumi na sita tena. Nikihesabu siitiki. Nyumba ikiungua, izimwe na wengine.

Basi siku moja akaja mwalimu wa muziki, mama mmoja mstaafu anayefundisha watoto na watu wazima kuimba sebuleni kwake. Alikuja kwa gari na amplifaya ya valvu tano iliyoachwa na kaka yake. Sauti yake imekuwa ndogo kwa umri, akasema, na wanafunzi wa nyuma hawamsikii tena anapowaonyesha jinsi ya kuimba. Anataka kipaza sauti, na anataka kile cha kaka yake, si kingine. Kiguu akageuza amplifaya, akanusa, akasema transfoma imeungua. Hata mimi nilisikia ile harufu kutoka kwenye kona yangu.

Nikasuka mpya kwa siku mbili. Yeye akasokota nyaya zake, na hapo nitampa haki yake, hakuna anayesokota kama yeye. Anafunga ncha moja kwenye kitasa cha mlango, anarudi nyuma huku vidole vinazungusha, na kamba inatoka sawa kama nywele zilizosukwa na mama mwenye subira, yeye asiye na subira hata ya chai kupoa. Akaunga, akawasha. Valvu zikawa nyekundu. Akainama, akaweka sikio kwenye spika.

"Inavuma," akasema.

Nikaja nikaweka sikio langu. "Sisikii kitu."

"Chini chini. Kama nzi kwenye kopo."

"Sisikii nzi wala kopo."

Akafungua. Akasokota nyaya upya, akazibana vizuri zaidi kwenye kona. Akawasha: inavuma. Akabadilisha valvu ya kwanza, akabadilisha ya pili. Akafunga rezista ya kuzungusha kati ya zile nyaya mbili, ambayo unaigeuza polepole hadi unapata mahali mvumo unapokufa, hata kama katikati ya transfoma ina kasoro. Aligeuza kulia, akageuza kushoto, sikio kwenye spika, kwa nusu saa. Mvumo haukupanda wala haukushuka. Mtu mwingine angejiuliza maswali hapo. Yeye alisimama, akafuta mikono kwenye suruali, akanitazama.

"Katikati yako haiko katikati," akasema.

"Rudia."

Akarudia. Mwanamume huyu anaweza kusahau sikukuu, anaweza kusahau mkate dukani baada ya kwenda dukani kwa ajili ya mkate, lakini nilipomwambia arudie tusi alilikumbuka neno kwa neno. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako, aangalie nyaya zake mwenyewe. Nikatoka kwenda kununua waya, maana ningebaki ningemrushia kitu, na vitu vya karakana ni vizito.

Niliporudi nilikuta transfoma yangu imefumuliwa. Mabati yake yamepangwa mezani kama karata. Waya mnene wa hita ameunyoosha kutoka mlangoni hadi ukutani, umetiwa alama za chaki, na yeye yuko juu yake amechutama, anahesabu alama kwa kidole. Nikasimama mlangoni na mfuko wangu.

"Ngapi?" nikauliza.

"Kumi na sita."

"Na upande wa pili?"

Akapitisha kidole tena kwenye chaki. "Kumi na sita."

"Basi?"

"Basi labda ulikaza upande mmoja zaidi."

Akutukanaye hakuchagulii tusi, walisema wa kale, na walisema kweli. Nilisuka tena, siku nzima na nusu ya siku iliyofuata, nikihesabu kwa sauti ili asikie, kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Akaifunga, akawasha, akainama. Niliona mgongo wake tu, na niliujua mgongo ule kabla hajageuka.

"Bado," akasema.

Hapo ndipo tuliponuniana. Binti yetu, anayefanya kazi kwenye duka la kuchapa karibu na kwetu, huja kula mchana, na wiki hiyo alipata kazi ya pili bila mshahara.

"Mwambie baba yako chakula tayari."

"Shikamoo baba. Chakula tayari."

"Marahaba. Mwambie mama yako nimesikia."

"Mbona mko chumba kimoja?"

"Mwulize baba yako."

"Mwulize mama yako kwanza kuhusu katikati."

Binti akala upesi akaondoka, akisema wateja wake wa kadi za harusi wana akili kuliko waliooana tayari.

Kiguu akawa hatulii hata kwa kipimo chake mwenyewe. Alitoka, akarudi, akawasha, akazima, akatoka. Alichomoa friji akisema ndiyo inayoingiza mvumo kwenye umeme wa nyumba, akasahau kuirudisha, maziwa yakaganda. Alikwenda kwa jirani kumwomba azime pampu ya maji, jirani akazima kwa adabu, Kiguu akarudi mbio kusikiliza, akatoka tena kumwambia asante, si pampu. Nilimkuta ameweka sikio ukutani. Nilimkuta ameweka sikio kwenye meza ya jikoni. Ukinisimulia hayo leo kuhusu mume wa mwingine, nitakwambia mara moja kilichomsibu. Siku zile nilikuwa na hasira, na mwenye hasira anaona kitu kimoja tu. Mimi nilichoona ni mtu anayezunguka dunia nzima kutafuta njia ya kusema mimi sijui kuhesabu.

Mwalimu wa muziki akaja kuona amefikia wapi. Akasikiliza, akainua kichwa akatabasamu. "Fundi, ni safi kabisa. Nichukue?"

"Bado inavuma, mwalimu."

Akasikiliza tena, kwa heshima, macho amefumba. "Mimi nimefundisha kuimba miaka thelathini na tano. Hapa hakuna kitu."

"Samahani, mwalimu," akasema mume wangu, "umri nao una mambo yake. Masikio yanachoka."

Nilitamani sakafu inimeze. Mwalimu, mtu mzima mwenye hekima yake, alisema tu atasubiri. Kiguu akachomoa fyuzi akaitia mfukoni, kana kwamba yule mama angebeba amplifaya ya kilo kumi na tano akimbie nayo. Halafu, mlangoni, nikimsikia kwa masikio yangu, akamwambia kosa liko kwenye transfoma, na kwamba kesho ataipeleka kwa msukaji wa barabara ya pili.

Sikulala vizuri baada ya hapo, wala sioni aibu kusema. Miaka ishirini na saba hakuna transfoma iliyotoka karakana ile isiyokuwa ya mkono wangu. Mtu anayesuka hana saini. Kazi yake inafunikwa na mabati, inafunikwa na karatasi, inapakwa vanishi, na hakuna anayeiona tena. Kinachobaki ni neno la fundi anayeifunga, kwamba hii ni nzuri, nunueni. Neno hilo nilikuwa napewa na mume wangu bila hata kuliomba, na sasa alikuwa analichukua na kulipeleka barabara ya pili. Na nilijua sijakosea. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba nilijua.

Asubuhi nikapiga moyo konde, nikamwambia ana kwa ana, bila mkalimani, kwamba kabla hajakwenda popote anipe siku moja. Akasema sawa huku akivaa viatu. Nikaenda kwa fundi wa pikipiki pale kwenye kona, nikamwomba aniazime betri ya volti sita, zile za pikipiki za zamani. Alikuwa nayo moja nzima, akanichajia huku nasubiri. Betri haina kwenda na kurudi. Umeme wake unakwenda njia moja tu, kama maji ya bomba, basi hita ikiwashwa kwa betri haina namna ya kuvuma. Mjomba ndiye aliyenifundisha. Aliniambia kwamba hizo volti sita na kidogo zenyewe zilitokana na betri za magari ya zamani, redio zilipoanza kuwekwa kwenye magari. Kiguu anajua hilo kuliko mimi. Lilikuwa mbele ya pua yake wiki mbili na hakulifikiria, kwa sababu alishaamua kosa ni la nani.

Nilifanya jambo jingine pia, na hili ndilo nisilopenda kulisimulia. Nilimwalika mwalimu wa muziki aje Jumamosi saa nne. Nikamwambia binti aombe ruhusa aje. Nilitaka mashahidi. Nilitaka akisema "imenyamaza", mwalimu aliyeambiwa kosa ni langu asikie kwamba ni nyaya zake za hita, maana mizunguko yangu alishaihesabu mwenyewe. Na kama bado ingevuma kwa betri, basi ingejulikana mbele ya watu kwamba mvumo haukutoka kwenye msuko wangu. Vyovyote vile nilikuwa nimeshinda. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi nilikuwa nimevuta hadi ngozi imelia.

Jumamosi saa nne mwalimu aliketi kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani. Binti alisimama mlangoni. Kiguu aliona betri mezani akaelewa yote kwa mara moja. Niliona jinsi alivyokunja midomo. Lakini ni fundi, na jaribio zuri ni jaribio zuri hata likitoka kwa mke aliyenuna. Akafungua nyaya za hita kutoka kwenye transfoma kwa mikono yake, akaziunga kwenye betri. Valvu nne za sauti zikaanza kupata rangi, taratibu, nyekundu kama makaa yaliyofunikwa majivu. Ile ya tano ni ya kunyoosha umeme tu, ina waya wake, haihusiani. Akawasha umeme mkubwa, ule wa ukutani. Tukasubiri. Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye spika.

"Bado," akasema.

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nasema kama ulivyokuwa. Nikamgeukia mwalimu, nikamwambia, "Umemsikia mwenyewe. Betri haivumi. Basi hita siyo, na transfoma yangu siyo."

"Siyo," akasema Kiguu, akiwa bado magotini. Hakubisha. Uso wake ulikuwa na umakini wa mtu anayekaribia kupata kitu. "Basi ni umeme mkubwa. Kapasita."

Na akafanya kama fundi mzuri anavyofanya, anaondoa kitu kimoja, anasikiliza, anaondoa kingine. Akachomoa plagi ukutani. Sasa amplifaya haikuwa na umeme wowote isipokuwa ule wa betri unaopasha hita. Akasubiri kapasita ziishiwe umeme uliobaki ndani yake. Akaweka sikio.

Akakaa hapo muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akanyoosha mkono bila kutuangalia, akachomoa kibano cha betri. Wekundu ukafifia kwenye valvu ya kwanza, kisha nyingine, kisha zote zikawa vioo vyeusi. Akaweka sikio tena. Binti aliniangalia. Mimi nilikuwa naangalia mikono ya mume wangu, kwa sababu ilikuwa inafungua skrubu za nyaya za spika, moja, kisha ya pili, bila haraka, mikono ambayo maisha yake yote ilikuwa na haraka. Spika ikatoka. Haikuwa imeungwa na kitu chochote duniani. Akaisogeza sikioni kama mtu anayetaka kujua kama yai lina kifaranga.

"Unasikia?" akaniuliza.

Hakuniuliza kwa ubishi. Aliniuliza kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipokuwa kijana anazunguka mbele ya duka la mjomba, sauti ya mtu anayeomba aambiwe ndiyo.

"Nasikia," nikasema.

Mwalimu akainamisha kichwa akatazama mkoba wake. Binti akafungua mdomo, nikamtazama, akaufunga.

"Ni transfoma," nikasema. "Ulisema kweli. Nilikosea. Mzunguko mmoja umezidi upande mmoja." Mbele ya mashahidi niliowaita mwenyewe nilisema hivyo, na ningesema na mengine, ningesema sijui kusoma namba, ningesema transfoma zote za miaka ishirini na saba ni mbovu.

Kiguu akaiweka spika chini taratibu.

"Mama watoto," akasema, "spika haijaungwa popote." Akasugua sikio la kushoto kwa kiganja, kama mtu aliyetoka kuoga. "Na wewe hukosei hesabu."

Wiki mbili nilikuwa nalitafuta neno hilo. Nililipata Jumamosi ile, mbele ya watu, na nililia, na siyo machozi ya ushindi. Binti akaja akamshika baba yake bega. Akamwuliza ni tangu lini. Akasema tangu mvua za mwaka jana, mwanzoni alidhani ni friji. Sauti ile masikioni ilikuwa inakuja na kwenda. Siku hizi haiendi. Binti akasema Jumatatu watakwenda hospitali, kwa daktari wa masikio, na watakwenda pamoja, na asianze habari za kazi nyingi. Akakubali kwa kichwa. Nikapata hofu kwa jinsi alivyokubali upesi.

Halafu akageuka kwa mwalimu, akamwomba msamaha kwa yale aliyosema kuhusu masikio. Mwalimu akasema ameshasahau, jambo ambalo si kweli, na akasema asiharakishe, anaweza kuja siku nyingine. "Hapana, mwalimu," akasema Kiguu. "Utaondoka nayo leo."

Akarudisha kila kitu. Akarudisha nyaya za hita kwenye transfoma yangu, akazibana kwenye kona, akaunganisha waya wa katikati na bati. Akafunga spika. Akatoa fyuzi mfukoni, akaitia. Akachomeka plagi, akawasha, na valvu zote tano zikaanza kupata moto. Kila mara, miaka yote hiyo, hapo ndipo anapoinama. Hakuinama. Alisimama pembeni ya meza, mikono mifukoni.

"Iko tayari?" mwalimu akauliza.

"Mwulize huyu," akasema, akinionyesha mimi kwa kidevu.

Nikapiga magoti mahali pake. Sakafu pale ina shimo dogo mahali anapoweka goti, na goti langu halikuingia vizuri. Nikaweka sikio kwenye spika. Nikasikiliza kama ninavyohesabu, bila kuitika chochote. Nilipoinua macho alikuwa ananitazama usoni, anausoma uso wangu kama anavyosoma mita.

"Imenyamaza," nikasema.

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Kimya kikoje?"

Sikuelewa kwanza, kisha nikaelewa. Nikarudisha sikio kwenye spika.

"Nasikia saa ya jikoni," nikamwambia. "Kuna mtu anafagia uani kwa jirani. Valvu moja imetoa mlio mdogo, tik, kioo kinapata moto. Mwalimu anapumua. Lori limepita kule barabarani, limeshapita, na sasa hakuna kitu."

Alifumba macho.

"Endelea," akasema.